Python Ipi Iliyojibu?

Mwalimu wangu alilitazama jedwali langu kwa dakika moja hivi, akaliweka mezani, akauliza swali moja tu: "Mbona hizi wastani zote ni namba kamili?"

Sikuwa na jibu. Nilisema pengine programu ilikuwa imezikadiria. Akaniuliza ni programu ipi, nikamjibu kwa kujiamini: "Python, mwalimu." Akanirudishia karatasi na kuniambia nikaangalie vizuri. Jina nililompa lilikuwa sahihi, lakini halikuwa jibu. Ilinichukua siku mbili kujua kwa nini.

Naandika kisa hiki kwa sababu wengi wetu katika kitivo hiki siku hizi tunahesabu lugha kwa kompyuta, na wengi tumejifunza amri kwa kuigana: fulani aliandika hivi, ikakubali, nami nikaandika hivyo hivyo. Ni kisa cha mashine. Hata hivyo, kosa lenyewe sisi wanaisimu tumelijua siku nyingi, ila tumezoea kulitafuta kwa watu tu.

Data zangu zilitoka Kibua. Kibua iko kule Masisi na Walikale zinakokutana, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Kongo. Ndiko kwao mama yangu. Mtu wa huko hukua na lugha zaidi ya moja mdomoni: Kinyanga, Kihunde kwa majirani wa upande wa Masisi, na Kiswahili kinachowaunganisha wote sokoni na kanisani. Msomaji wa kitivo hiki atakuwa anakijua Kinyanga kwa alama aliyokipa Guthrie, D43, au kwa utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na kuandikwa mwaka 1956, kisha ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Ukiacha kazi kama hizo, maandishi kuhusu lugha hiyo ni machache.

Likizo moja nilikaa huko na daftari la kurasa mia mbili, nikakusanya nomino zenye mashina ya silabi mbili kutoka kwa wazee wanne. Tangu wakati huo wawili wamehama kwa sababu ya vita, na mmoja amefariki. Daftari lile haliwezi kurudiwa. Nikiharibu kilichomo, hakuna mahali pa kwenda kuuliza tena.

Nilitaka kujua kama mashina yenye konsonanti nzito, kwa mfano mb, nd au kw, yanapenda ruwaza fulani za toni. Kipimo changu cha kuanzia kilikuwa rahisi, hata cha kitoto: hesabu herufi za kila shina, kisha tafuta wastani kwa kila ruwaza. Nilifuata desturi ya kutia alama toni ya juu tu, kwa mkwaju juu ya irabu, na kuiacha toni ya chini bila alama. Kwa silabi mbili ruwaza ni nne: chini-chini, juu-chini, chini-juu na juu-juu. Niliandika programu fupi ya kuhesabu, nikaiendesha, ikanipa 4, 5, 5 na 6.

Ilikuwa ngazi safi. Kila toni ya juu inapoongezeka, shina linarefuka kwa herufi moja. Nilifurahi sana. Nilikwisha kuandika kichwa cha sura, na usiku nilikuwa nikijiwazia maswali nitakayoulizwa kwenye semina na jinsi nitakavyoyajibu. Lile la desimali halikuwemo.

Baada ya kutoka kwa mwalimu nilifungua kompyuta yangu. Dirisha la terminali nililokuwa nikilitumia lilikuwa limejaa maandishi, hivyo nikafungua jipya kando yake na kuendesha hesabu upya. Wastani zikatoka na desimali. Pamoja na hayo, ngazi ilikuwa imetoweka: ruwaza zote nne zilikuwa zimebanana juu kidogo ya 4. Nikarudi kwenye dirisha la zamani, nikaandika amri ile ile, herufi kwa herufi. Likanipa 4, 5, 5, 6. Nikarudia mara tatu. Mashine moja, faili moja la data, programu moja niliyoiandika kwa mkono wangu, amri moja, na majibu mawili.

Nakiri kwamba kwa saa nzima nilikuwa natafuta sababu ya kuliamini dirisha la zamani.

Mwenzangu wa chumbani alinishauri kama tunavyoshauriana sote: "Zima, uwashe." Ushauri huo ungefaulu, na hapo ndipo penye hatari yake. Kompyuta ingeanza upya, madirisha yote yangetoa jibu moja, nami nisingejua kamwe ni kwa nini wiki tatu za kazi zilitoka vile, wala ni kazi gani nyingine niliyoifanya humo ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Nikayaacha madirisha yote mawili wazi.

Hapa inafaa nieleze kinachotokea tunapoandika amri. Maneno tunayoyaandika kwenye terminali hupokelewa na programu iitwayo sheli. (Msomaji wa Tanzania atanisamehe, si sheli ya kujaza mafuta.) Yangu ni Bash, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Ukiandika python, sheli haijui python ni nini. Inachopewa ni jina tu, na kazi yake ni kutafuta faili lenye jina hilo. Haitafuti kila mahali. Inafuata orodha ya folda iliyohifadhiwa katika kigeu kiitwacho PATH, ambacho kimekuwepo tangu toleo la saba la Unix, mwaka 1979. Inafungua folda ya kwanza katika orodha. Jina lisipokuwemo inakwenda ya pili, kisha ya tatu. Ikilipata inasimama hapo hapo na kuendesha ilichokipata. Kama folda zilizofuata zina faili jingine lenye jina hilo hilo, hilo halihesabiki. Mpangilio wa orodha ndio unaoamua, na uamuzi huo unafanyika kimya kimya.

Kwenye mashine yangu kulikuwa na python mbili. Niliinunua mkononi mwa mtu ikiwa na Linux ya zamani, ambamo jina python lilikuwa linaita Python 2.7, iliyokaa katika folda ya mfumo, /usr/bin. Mwanzoni mwa kazi rafiki yangu mmoja alinionya: toleo la pili limeachwa, waliolitengeneza waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari 2020, tumia la tatu. Nikamwambia ngoja kwanza nione nina lipi. Nikaandika python --version, nikajibiwa 2.7. Basi nikasakinisha toleo jipya, na ndani ya folda yangu mwenyewe ya bin, ambayo ilikuwa tayari mwanzoni mwa orodha ya PATH, nikaweka kiungo chenye jina python kinachoelekea kwenye toleo hilo jipya. Nikathibitisha kwa amri ambayo kila mtu huitaja: which python. Ikanijibu kwamba python iko katika folda yangu. Nikaridhika, nikaanza kazi.

Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi kwamba natumia toleo jipya. Ushahidi wenyewe ndio ulionipoteza.

Usiku ule nililinganisha madirisha mawili hatua kwa hatua. Niliandika echo $PATH kila upande: orodha ni ile ile, hakuna hata nukta iliyotofautiana. Niliandika which python kila upande: jibu ni lile lile, folda yangu. Kwa ushahidi huo madirisha yote mawili yalikuwa yanaendesha kitu kimoja. Kisha nikajaribu amri nyingine niliyoisoma kwenye mwongozo wa Bash: type python. Hapo yakatofautiana. Dirisha jipya lilisema linakumbuka kuwa python iko katika folda yangu. La zamani lilisema linakumbuka kuwa python iko /usr/bin.

Neno la kuzingatia hapo ni kukumbuka. Kupekua orodha ya folda kila mara ni kazi, kwa hiyo Bash, ikishaipata programu mara moja na kuiendesha, huandika mahali ilipo katika jedwali dogo la kumbukumbu lake. Mara ya pili haipekui tena. Inakwenda moja kwa moja pale ilipozoea. Kumbukumbu hilo ni la dirisha husika. Ukifungua dirisha jingine, linaanza bila kujua lolote. Ukiibadilisha PATH yenyewe, Bash inajua kwamba mambo yamebadilika na inalifuta jedwali. Mimi sikuibadilisha PATH. Niliongeza faili tu katika folda iliyokuwemo tangu zamani, na sheli haikuwa na sababu ya kushuku chochote.

Na ni nani aliyeifundisha sheli kukumbuka Python ya zamani? Ni mimi, kwa ile python --version ya mwanzo kabisa. Kwa kuuliza una toleo gani, niliiendesha; kwa kuiendesha, nilimfanya aliyeendeshwa akumbukwe. Kisha kompyuta yangu sikuizima wiki tatu. Nilikuwa nafunga kifuniko inalala, nafungua inaamka, na dirisha ni lile lile. Wazee husema mazoea yana taabu.

Kwa nini basi which haikuniambia? Kwa sababu kwenye mfumo wangu which ni programu ya nje. Haioni yaliyomo kichwani mwa sheli. Inachukua orodha ya PATH, inaipekua upya tangu mwanzo, na kukuambia kinachopaswa kupatikana kwa mujibu wa orodha. Amri ya type ni sehemu ya sheli yenyewe. Ukiitumia, unamuuliza yule yule atakayetenda: wewe ukiambiwa neno hili, utafanya nini? Sheli inakujibu kwa kila inachokijua, hata kama jina hilo umelifanya kuwa kifupisho cha amri nyingine, jambo ambalo which yangu isingeliona.

Mwanaisimu anazijua mbinu hizo mbili. Ya kwanza ni kufungua kamusi. Ya pili ni kumuuliza mzungumzaji. Kamusi inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu orodha, na mzungumzaji aliye mbele yako akawa anatumia kitu kingine.

Dawa ilikuwa fupi. Niliandika hash -r katika dirisha la zamani, nikimaanisha sahau yote unayoyakumbuka, na hapo hapo likaanza kutoa desimali. Lakini nilikuwa nimejifunza kutoamini hata type peke yake. Nikaiuliza python yenyewe ijitaje: python -c "import sys; print(sys.executable)". Amri hiyo haiulizi orodha wala sheli. Inaiamuru programu iliyokwisha kuanza kazi iseme inatoka wapi. Tangu siku hiyo, huo ndio ushahidi ninaoutanguliza.

Ilibaki kueleza ngazi. Desimali zilikuwa rahisi: katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu ni namba kamili na kilichobaki kinatupwa, katika Python 3 desimali zinabaki. Swali la mwalimu lilikuwa limeshika alama hiyo hasa. Ngazi ilitokana na jambo jingine, nalo linatuhusu zaidi sisi wa lugha za Kiafrika.

Kompyuta huhifadhi maandishi kwa baiti. Mfumo wa kale wa ASCII, wa mwaka 1963, una nafasi 128 tu, zinazotosha herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Herufi á haimo. Mfumo unaotumika zaidi leo, UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, unaziandika herufi za ASCII kwa baiti moja moja, lakini á unaiandika kwa baiti mbili, 195 na 161. Python 2 ikisoma faili kwa njia ya kawaida na kuambiwa ihesabu urefu wa neno, inahesabu baiti. Python 3 inahesabu herufi. Chukua umbo la kubuni, baba, bila alama: zote mbili zitasema 4. Weka bába: ya tatu itasema 4, ya pili itasema 5. Weka bábá: ya pili itasema 6.

Hiyo ndiyo ngazi yangu yote. Programu haikuwa inapima urefu wa mashina ya Kinyanga. Ilikuwa inahesabu mikwaju niliyoitia mwenyewe, kisha inanirudishia kama ugunduzi. Na haikunionyesha kosa lolote, kwa sababu programu yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa imeandikwa kwa namna inayokubalika katika matoleo yote mawili. Hata maelezo yangu ya Kiswahili ndani yake hayakuistua. Kiswahili sanifu tunakiandika kwa herufi zisizo na alama juu. Hata ng' inahitaji kistari tu kilichomo ndani ya ASCII. Mtu anayehesabu matini za Kiswahili tupu angeweza kutumia Python 2 maisha yake yote, akapata urefu sahihi wa kila neno. Kosa lilikuwa linawasubiri wenye Kinyanga, wenye Kiyoruba, na kila anayehitaji alama ili maneno yake mawili yasiwe moja.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini usiku ule ule nilikumbuka mbuzi.

Mwaka wa kwanza tangu nivuke Ziwa Tanganyika kuja kusoma Tanzania, mama mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani. Akasema, "Mutoto wangu, niliuza mbuzi mbili." Nilishtuka. Nikamwambia, "Pole sana, mama. Kuna shida gani?" Akasema, "Sasa pole ya nini?" Mtandao ukakatika. Kesho yake nilikopa kwa mwenzangu wa chumbani, nikamtumia pesa ya kumsaidia. Alizipokea, akashukuru, akashangaa. Kwa Kiswahili cha kwetu kuuza ni kununua. Anayetoa bidhaa na kupokea pesa, huyo anauzisha. Mama mdogo alikuwa ananiambia habari njema: ameongeza mbuzi wawili. Nami nilikua na neno hilo. Kwa miaka kumi na minane sikulielewa kwa maana nyingine.

Mantiki yake ni nzuri, na wanafunzi wa Kibantu wataifurahia. Kinyarwanda, kinachosemwa pia Masisi, kina jozi ya namna hiyo: kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza. Mauzo ni kumfanya mwingine anunue. Hata kuuza ya Kiswahili sanifu kihistoria ni utendeshi wa kitenzi cha kale cha kununua. Kiambishi kimemezwa na ile z, hakionekani tena. Kwetu kitenzi kilirudi kuwa cha kununua, na utendeshi ukaongezwa upya kwa -isha ili usikike. Hakuna aliyekosea. Ni matoleo mawili ya jina moja, na kila moja linafanya kazi vizuri pale lilipo.

Aliyebadilika nilikuwa mimi. Mwaka mmoja wa kununua mkate na kuuza vitabu vilivyotumika hapa ulikuwa umeweka folda mpya mwanzoni mwa orodha yangu. Mama mdogo alitaja jina, kichwa changu kikapekua, kikakutana kwanza na toleo la huku, kikasimama hapo. Sikusikia kosa. Sentensi ilikuwa na maana kamili, ila ilikuwa na maana ya kinyume.

Nilipolikumbuka hilo nililivuta daftari. Kando ya nomino nilikuwa nimeandika pia vitenzi kadhaa vya Kinyanga, na kila kimoja maana yake kwa Kiswahili kama wazee walivyoniambia. Maana hizo niliziandika Kibua, kwa kichwa cha Kibua. Kuziingiza kwenye kompyuta na kuzitafsiri kwa ajili ya kiambatisho, nilifanya hapa, miezi mingi baadaye. Nikatafuta mstari wenye neno kuuza. Katika jedwali la kompyuta, kitenzi cha Kinyanga ambacho mzee alikitaja kwa maana ya kununua nilikuwa nimekiandikia kwamba ni kutoa bidhaa kwa malipo. Mstari wa chini yake ulikuwa na kitenzi kingine, na daftari lilisema kuuzisha. Hicho nacho nilikuwa nimekipa maana hiyo hiyo, nikaongeza kwa ujasiri kwamba lugha hii ina vitenzi viwili vya kuuza.

Niliendelea. Mfano mmoja ulisema kitu kimefanyika "mbele ya mavuno." Nilikuwa nimeutafsiri kana kwamba watu wamesimama na mavuno yamewekwa mbele yao. Kwetu mbele ya ni kabla ya, kama nyuma ya ilivyo baada ya. Mzee alikuwa anataja wakati. Nilipata makosa matano ya aina hiyo kabla hakujapambazuka. Yote yalikuwa ya kwangu, na hakuna toleo la Python ambalo lingeyaona.

Makosa hayo matano yananisumbua kuliko ngazi. Ngazi ilikuwa na alama: namba zilikuwa safi mno, na mwalimu mwenye macho aliiona kwa dakika moja. Maana zile tano hazikuwa na alama yoyote. Zingeingia kwenye tasnifu, zingewekwa maktabani, na kwa kuwa vitabu vya Kinyanga ni vichache, mtu mwingine angezinukuu. Mzee aliyenipa kitenzi cha kununua ndiye yule aliyefariki. Angebaki katika rekodi akiwa amesema kinyume cha alichokisema, kwa sababu tu msikilizaji wake alihama.

Sasa nafanya mambo machache. Programu zangu zote zinaanza kwa kuchapisha toleo linaloziendesha na mahali lilipo, na zinagoma kuendelea zikijikuta chini ya Python 3. Matoleo hayo nayaandika katika sura ya mbinu, kama vile ninavyoandika umri wa wazungumzaji na mahali walipokulia. Nikiwa na shaka na jina, naandika type -a, ambayo inataja kila linaloitwa kwa jina hilo kwa mpangilio wake, ili nijue wote wanaoweza kujibu kwa jina hilo. Katika daftari, kila maana ya Kiswahili sasa ina alama pembeni inayoonyesha ni Kiswahili cha wapi. Nilidhani alama hiyo ni ya wasomaji wengine. Nimeona anayeihitaji kwanza ni mimi mwenyewe, miezi sita mbele.

Sura niliyokuwa nimeipa kichwa haipo tena. Mahali pake pana nusu ukurasa unaosema kwamba kwa kipimo hiki ruwaza nne hazitofautiani. Nilipompelekea mwalimu nilitaka kuuondoa, akasema niuache, maana huo ndio uliopimwa.

Mwezi uliopita mama mdogo alipiga tena simu. Mbuzi wengine. "Niliuza tena moja," akasema. Safari hii sikumpa pole wala pongezi. Nilimuuliza kwanza, "Mama, ulitoa pesa ao ulipokea?" Akacheka, akasema nimekuwa Mtanzania. Kisha akanijibu: "Nilitosha franga, mutoto wangu."

Kutosha, kwetu, ni kutoa. Hilo nililisikia vizuri.